Moto wa Buluu wa Hajati Halimah

Mwanamke aliyekwenda Makka akarudi, tena mwenye mtandio mpaka kiunoni, ndiye mpimaji wa pombe wa mtaa mzima. Ukisema hivyo mahali pengine watakuona mwendawazimu. Pale Kisugu, kwenye vyumba vya mstari wanavyopanga askari polisi wastaafu na wajane wao, watakucheka kidogo kisha watakuonyesha mlango wa Hajati Halimah. Kuonja haonji, na kuuza aliacha kabla hajahiji. Lakini waragi, yaani gongo ya huko, ikiletwa harusini au msibani, na watu wakawa hawajui ilikotoka, huitwa yeye na kijiko chake.

Kijiko chenyewe ni cha bati, mpini umepinda, alikirithi kwa mama yake. Mama alikuwa Mnubi wa kambini, kizazi cha wale askari walioletwa kutoka Sudani enzi za Waingereza, na riziki yake ilikuwa kuchemsha waragi nyuma ya nyumba na kuwauzia askari. Halimah akafundishwa hivi: mimina kidogo kijikoni, ingia ndani, funga mlango pawe giza, maana moto wa pombe hauonekani juani. Washa kiberiti. Ukiwaka buluu, umetulia, pombe ni safi. Ukiwa mwekundu au ukikataa kuwaka, mwaga.

Hakuna mtu aliyewahi kudhurika kwa pombe aliyoipitisha yeye, na jambo hilo Hajati alilijua, akalipenda kupita kiasi. Swala tano haziachi, Ramadhani anafunga na sita za Shawali anaongeza, lakini akiitwa na kijiko chake utamwona anatembea kifua mbele kama afande mkuu anayekagua gwaride. Mungu amsamehe. Kiburi kilikuwa pale pale chini ya mtandio, na alikuwa akikilea.

Mzee Ocira, polisi mstaafu, alipofariki, waliolia kwanza walikuwa wawili: mkewe Lamwaka, na Hajati Halimah. Hawa wanawake walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta tangu ujana wao kambini, mmoja Mwacholi Mkatoliki, mwingine Mnubi Mwislamu, wakigawana chumvi, ndoo na siri. Lamwaka alipomzaa Okwera, akashikwa na homa hata maziwa yakakauka, Halimah alikuwa na Munirah wake kifuani. Akampa Munirah titi moja na Okwera titi la pili. Kwa dini yake huyo kijana ni mwanawe kabisa, wa kunyonya, na Okwera mwenyewe, jitu zima lenye masharubu na dereva wa polisi, mpaka leo humwita Mama Hajati.

Msiba ukawekwa uani kwa Lamwaka, maiti ikingojea kusafirishwa kwenda Gulu kuzikwa. Alasiri akatokea mtu wa pikipiki na jerikeni la waragi, bei ya kutupa. Olal, mdogo wake marehemu, aliyetoka Gulu kuja kuchukua maiti, akalinunua kwa ajili ya watu watakaochimba kaburi. Lakini Olal ni mtu mwangalifu, akaenda kumwita Hajati.

"Hajati, njoo utuangalizie hii kitu. Bei yake inanipa wasiwasi."

Hajati akaja na kijiko. Akaingia jikoni kwa Lamwaka, akafunga mlango, Olal na Okwera wakiwa wamesimama nyuma yake. Akawasha. Moto ukapanda buluu, mwororo, hauna hata chembe ya wekundu.

"Iko safi," akasema. "Weka kwa lori."

Olal akalifunga jerikeni akaliweka kando kwa safari, akakataza lisiguswe, waombolezaji wanywe bia. Okwera hakukatazika. Baba yake alikuwa ndani ya sanduku, na yeye ndiye mtoto wa kwanza ambaye kila mtu alikuwa akimpa pole na kumuuliza viti viko wapi. Akajaza chupa ya soda kutoka kwenye jerikeni lile, akaenda kukaa nayo nyuma ya tangi la maji, peke yake. Hajati alimwona. Akamwacha, kwa sababu ilikuwa safi.

Kesho yake lori lilikuwa limeshasimama barabarani, sanduku limepakiwa, akina mama wa kanisa wamekwishapanda, wakati Okwera alipotoka chumbani akijishikilia ukutani.

"Nani anachoma takataka?" akauliza. "Moshi umejaa kila mahali."

Moshi haukuwepo. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe pee. Munirah akacheka akidhani ni mabaki ya ulevi, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Okwera alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na alipolifikia lori akaugonga mlango wake kwa paji la uso. Akatapika. Akasema anaona nyeupe tu, nyeupe kila upande, kisha akaanza kulia kwa woga.

Hajati Halimah hakujua bado ni nini, lakini ndiye aliyekimbilia barabarani kuita bodaboda. Wakamweka Okwera juu ya boda katikati ya watu wawili wakamkimbiza zahanati ndogo iliyo karibu, Lamwaka na Hajati wakifuata nyuma kwa miguu na kanga mkononi.

Daktari wa pale alikuwa Adoch, binti mdogo, mwenye sauti ya chini. Alimulika macho ya Okwera kwa tochi, akasikiliza kuhema kwake, kisha akauliza amekunywa nini.

"Waragi kidogo," Lamwaka akasema. "Lakini si hiyo, daktari. Ile waragi Hajati alipima."

Daktari akamgeukia Hajati. "Ulipima na nini, mama?"

"Na moto. Iliwaka buluu."

Adoch akavuta kiti akakaa mbele yao. Akawaeleza polepole, bila kuwacheka, na Hajati baadaye aliweza kuyarudia maneno yake yote kama dua. Kuna vitu viwili, alisema, ambavyo hata majina yake ni mapacha: ethanoli na methanoli. Ethanoli ndiyo pombe ambayo watu wamekuwa wakinywa tangu zamani. Methanoli ni ya viwandani, ya kuyeyushia rangi, na siku hizi wahuni wanaichanganya kwenye waragi ili ijae jerikeni upesi. Ukizitazama zote ni maji tu. Ukizinusa hutofautishi. Ukiziwasha, zote mbili ni buluu. Zinaachana njia zikishafika tumboni. Ethanoli inakulewesha, unalala, inakwisha. Methanoli inapofika kwenye ini inageuzwa kuwa asidi, na asidi hiyo inakula mishipa ya macho kwanza, kisha inakula mtu.

"Itabidi tumpeleke hospitali kubwa, wasafishe damu yake kwa mashine," daktari akasema. "Nimepiga simu, gari ya wagonjwa inakuja. Lakini itachelewa, na kila dakika ile sumu inageuzwa. Mimi nataka kuisimamisha sasa hivi."

"Na nini?" Lamwaka akauliza.

"Na pombe. Ethanoli safi, ya chupa yenye kizibo cha kiwandani. Nitaichanganya na maji, nitampitishia kwa mpira wa puani, kwa kipimo."

Lamwaka akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na uchungu ulikuwa umemnyoosha zaidi.

"Pombe? Mtoto wangu iko hivi, na wewe unataka kumpa pombe tena?"

"Mama, sikiliza. Wewe ni mke wa polisi. Fikiri ini ni askari wa getini, iko peke yake. Wageni wawili wakija pamoja, atahudumia ethanoli kwanza, ndiye anamjua. Yule mwingine anangoja nje. Akingoja nje hadhuru mtu. Ndiyo tunapata nafasi ya kumtoa."

Maneno yalikuwa mazuri, lakini hayakumwingia. Hapo ndipo Olal naye alipofika, jasho limemloa, akisema lori limewashwa, maiti haiwezi kukaa juani, watu wa Gulu wamekwisha kuchimba. Akamtazama Okwera kitandani. Akauliza daktari anasema nini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Si pombe hiyo. Mimi nilikuwa ndani ya jikoni. Niliona moto na macho yangu."

"Ndiyo hiyo nasema," Lamwaka akadakia. "Hajati akisema iko safi, iko safi. Tangu nimjue hajakosea. Hii ni uchungu ya baba yake imempanda kichwani. Tunaenda na yeye nyumbani, kuna watu huko wanaelewa mambo kama hii. Shemeji, mshike miguu."

Daktari akasema akipandishwa lori hilo atafika Gulu kipofu, au hatafika. Akasema hawezi kumshika mtu kwa nguvu wala kumtia mpira puani huku mama yake mzazi anauchomoa. Okwera mwenyewe alikuwa hawezi tena kusema jambo la maana. Alikuwa akimwita baba yake. Basi yote yakabaki mikononi mwa Lamwaka, na Lamwaka alikuwa amekwisha kumkunjia mwanawe shuka miguuni.

Hajati Halimah aliyasikia hayo yote akiwa ameegemea ukuta. Laiti angetukanwa! Laiti Lamwaka angemrukia akamvua mtandio mbele ya watu, ingekuwa nafuu. Kumbe anasifiwa. Sifa ile ile aliyoilea miaka yote ndiyo iliyokuwa inamtoa kijana kitandani na kumpeleka kufa barabarani, na hakuna aliyeweza kuivunja isipokuwa yeye.

"Mama Okwera," akasema. "Mimi nilikosea. Moto wangu haujui hiyo kitu."

Lamwaka hata hakugeuka. "Unaongea hivyo sababu daktari amekutisha. Kesho utajilaumu bure."

"Wallahi nilikosea!"

"Hajati, bambi, nakuomba, niache. Nisaidie kumvalisha viatu."

Hapo Hajati akajua maneno hayatatosha. Akampigia Munirah simu, akamwambia achukue jerikeni lile kwenye lori alilete zahanati, na mtu yeyote akitaka kulifungua njiani, yeye Munirah alikalie juu. Kisha akatoka. Akamwambia Olal, kwa ukali ambao hakujua anao, kwamba mgonjwa akiinuliwa kabla hajarudi, yeye atalala mbele ya magurudumu ya lori. Olal ni mzee mwenye heshima zake, hajawahi kuzungumzishwa hivyo na mwanamke. Akakaa chini.

Baa ya karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mbele ya baa hiyo kila Ijumaa hupita watu wanaokwenda msikitini. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hajati Halimah akavuka katikati ya wanaume waliovaa kanzu, wengine wamefundishwa Kurani pamoja na watoto wake, akaingia. Kijana wa kaunta akaangalia nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine anayefuata.

"Hajati, umepotea?"

"Nipe waragi ya kiwanda, chupa kubwa, kizibo hakijaguswa. Haraka."

Alitoka ameikumbatia kifuani, haikufunikwa, kwa sababu kanga alikuwa ameiacha kitandani kwa Okwera. Mtu mmoja aliyetawadha tayari akasema astaghfirullah kwa sauti. Hajati alimsikia. Uso ulimwaka kwa aibu, na miguu haikupunguza mwendo.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na kijumba kidogo cha mabati alimopikia chai mlinzi. Hajati akamvuta Lamwaka mkono akamwingiza humo, na Olal akaja, na daktari akasimama kizingitini akiangalia saa yake. Munirah alikuwa amekwisha kufika na jerikeni. Hajati akaazima vijiko viwili vya mlinzi vinavyofanana, kile chake cha bati akakiacha ndani ya mkoba, maana mpini wake uliopinda ungejulikana. Kijiko cha kwanza akakijaza kutoka kwenye chupa, mbele ya macho ya Lamwaka, akivunja kizibo kwa meno. Cha pili akakijaza kutoka kwenye jerikeni. Akaviweka juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Funga mlango," akamwambia Munirah. Giza likaingia. Akapiga kiberiti.

Vijiko vyote viwili vikashika. Moto wa kwanza ukapanda buluu, mwororo. Moto wa pili ukapanda buluu, mwororo. Hajati akavizungusha juu ya ndoo, mara mbili, mara tatu, hiki huku na kile kule, mpaka hakuna aliyejua tena kipi ni kipi.

"Mama Okwera, sasa nionyeshe. Ipi ni ya chupa?"

Lamwaka akainama. Akatazama kwa muda mrefu, na mwanga ule mdogo ukawa usoni mwake. Akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Sijui," akasema.

"Na mimi sijui. Jana pia sikujua. Nilisema iko safi na sikujua. Ni mimi nimempa mtoto wetu sumu, na mdomo wangu huu." Sasa alikuwa analia waziwazi, machozi yakishuka mpaka kwenye mtandio. "Usiniamini tena. Kuanzia leo usiniamini kwa hii kitu. Amini daktari."

Vijiko vikazimika, kimoja kikitangulia. Gizani ikasikika pumzi ya Lamwaka, nzito. Kisha kofi likalia. Lilimpata Hajati shavuni, likamsukuma mpaka kwenye mabati, na Munirah akapiga ukelele. Hajati hakuinua mkono.

Lamwaka akasukuma mlango. Jua likaingia.

"Mpe," akamwambia daktari. "Mpe hiyo pombe yako."

Wakampitishia mpira puani. Daktari akapima ethanoli ya chupa ile, akaichanganya na maji, akaihesabu kwa bomba la sindano. Nesi alikuwa mmoja tu na alikuwa anamshika Okwera mabega, kwa hiyo kikombe akakishika Hajati. Kabla ya kila kipimo midomo yake ilitamka Bismillahi. Alijua anachokitamkia. Aliamini kabisa kwamba Mola anaona, na kwamba atajua la kufanya na mja wake huyu.

Honi ya lori ikalia nje, ikalia tena. Olal alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Lamwaka akasimama kati ya mlango na kitanda. Mumewe alikuwa barabarani ndani ya sanduku na mwanawe kitandani, na yeye ni mmoja. Akamwinamia Okwera akampapasa masharubu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kofi lile, akamtazama Hajati.

"Mimi naenda kuzika. Nakuachia huyu. Wewe ulimharibu, wewe utanirudishia."

Akatoka. Gari ya wagonjwa ilipofika, lori lilikuwa limekwisha ondoka, na Hajati Halimah akapanda na Okwera, akiwa na chupa ya waragi mapajani kwa sababu daktari alisema njiani aendelee kupewa. Askari wa getini kwenye hospitali kubwa alimwona hajati amekumbatia chupa iliyofunguliwa, akaitazama mara mbili, akafungua geti.

Mashine ikamsafisha Okwera damu. Hajati alilala sakafuni chini ya kitanda chake siku zote za matibabu, na asubuhi moja Okwera akasema, "Mama Hajati."

Hajati akainuka upesi. "Unaniona?"

"Hapana. Nasikia harufu ya udi yako."

Akajifunika uso. Baada ya muda macho yalirudi kidogo, yakarudi nusu nusu. Huona pembeni, katikati kumebaki doa la ukungu ambalo madaktari wamesema halitaondoka. Anatembea mwenyewe, anakula mwenyewe, anamtambua mtu kwa kugeuza kichwa kama kuku. Gari hataendesha tena maishani. Yule mtu wa pikipiki polisi wanamtafuta mpaka sasa.

Lamwaka alirudi kutoka Gulu akamchukua mwanawe bila kumsalimu Hajati. Ukuta ulikuwa ule ule kati yao, hakuna chumvi iliyopita wala ndoo. Hajati alisikia kila kikohozi cha upande wa pili. Alikitupa kile kijiko cha mama yake kwenye shimo la choo, na hata hilo halikumpa raha.

Ilipofika misa ya kumkumbuka Ocira, ua ulijaa tena. Hajati hakualikwa, lakini Okwera akaja mlangoni kwake, akigeuza kichwa hivi na hivi, akasema, "Mama Hajati, twende." Akaenda, akakaa nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Olal alikuwepo. Na jerikeni lilikuwepo, maana watu hawakomi, jipya, la manjano, limeletwa na mpwa fulani aliyekuwa hajui habari. Kijana huyo akapiga kelele kwa furaha, "Kumbe Hajati iko hapa! Mleteeni kiberiti atupimie!"

Hajati alitamani ardhi immeze. Lamwaka akainuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, akakichukua kiberiti kwa aliyekuwa akikileta, akavuka ua mzima polepole mpaka kwenye tangi la maji. Akasimama mbele ya Hajati Halimah. Hajati hakuweza kuinua macho, aliiona miguu tu, na vidole anavyovijua tangu ujana.

Kiberiti kikawekwa kwenye kiganja chake, na vidole vyake vikafungwa juu yake kwa mkono wa mwenzake.

"Hajati," Lamwaka akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "nenda uwashe sigiri. Leo tunakunywa chai."